Nilidhani Ni Liva Tu

Kwa misimu miwili nilishindana na gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, nikitumia hendibreki ya kiwandani, ile ya waya. Mchezo wenyewe ni wa koni: unaingia kwa kasi, unageuza gari nyuzi 180 mahali padogo, unatoka. Gari la kuvuta mbele haligeuki hivyo kwa usukani peke yake. Lazima matairi ya nyuma yafunge kwa muda mfupi, mkia uteleze, kisha injini ilivute gari kutoka kule lilikoelekea. Asubuhi waya ulikuwa unaifanya kazi hiyo vizuri. Kufikia mchana ulikuwa umelegea, liva inapanda hadi karibu na kiwiko, gurudumu la kushoto linafunga huku la kulia linaendelea kuzunguka. Nilikuwa nakaza nati ya waya kila wiki, na kila wiki hadithi ilikuwa ile ile.

Nikanunua hendibreki ya haidroliki. Liva ndefu, silinda moja, matundu mawili: moja la kuingizia mafuta ya breki, lingine la kutolea. Niliiona kama kifaa cha kuongeza, kama mtu anavyoongeza redio. Unaifunga sakafuni, unakata paipu ya nyuma, unaunganisha ncha mbili, unakwenda kushindana. Nilijipa Jumamosi moja.

Ilichukua wiki tano, na katika wiki hizo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekinunua. Silinda ile hukaa njiani, kati ya masta silinda ya mguu, ile pampu inayosukumwa na pedali ya breki, na breki za nyuma. Kila tone la mafuta ambalo pedali inalituma nyuma linapita ndani yake. Kwa hiyo nilikuwa nazifumua breki za mguu na kuzisuka upya, na hendibreki ilikuwa ni matokeo ya pembeni tu. Kama ningelijua hilo mapema ningeanza mahali pengine kabisa.

Mahali penyewe ni chini ya gari, ukiwa na tochi, ukifuata paipu kwa kidole. Nilitegemea kukuta paipu moja inayokwenda nyuma na kugawanyika karibu na ekseli. Nikakuta mbili. Moja inatoka chumba cha kwanza cha masta silinda, nyingine chumba cha pili, na kila chumba kinalisha gurudumu moja la mbele na moja la nyuma la upande wa pili. Breki zimepangwa mkasi. Magari mengi madogo ya kuvuta mbele yamepangwa hivyo kwa sababu uzito mwingi uko mbele: paipu moja ikipasuka, bado unabaki na gurudumu moja la mbele linaloshika, na hilo ndilo lenye kazi kubwa.

Liva yangu ilikuwa na silinda moja, na mimi nilikuwa na paipu mbili. Suluhisho lililonijia kichwani ni lile linalomjia kila mtu: kuziunganisha zote mbili kwa kiungo cha T, ziingie kwenye silinda kama paipu moja. Nilimwendea fundi mmoja mtu mzima, aliyezoea magari ya mashindano, nikamweleza mpango wangu kwa furaha.

"Kaka, nikiweka T hapa si inatosha?"

Akaangalia mchoro wangu, akafuta jasho. "Inatosha, mdogo wangu. Ila breki zako mbili zimekuwa moja. Paipu yoyote ikipasuka, unabaki na honi."

Alikuwa sahihi kabisa. Masta silinda ina vyumba viwili ili kimoja kikifa kingine kibaki. T ile ingevifungulia mlango vyote viwili, na tundu moja lingemwaga kila kitu. Baadaye nilikuta kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka jambo hilo hilo: pedali moja, mifumo miwili, na uvujaji ukitokea popote pedali lazima bado iweze kukamata walau magurudumu mawili. Hata kama mashindano yako ni ya uwanja mdogo na hakuna mkaguzi atakayeingia chini ya gari, kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mkaguzi.

Kulikuwa na njia mbili halali. Ya kwanza ni liva yenye silinda mbili, moja kwa kila paipu ya nyuma, na mpangilio wa mkasi unabaki kama ulivyo. Ya pili ni kuupanga mfumo upya uwe wa mbele na nyuma: chumba kimoja kwa magurudumu mawili ya mbele, kingine kwa mawili ya nyuma, na silinda moja ya liva kwenye laini ya nyuma. Nilichagua ya pili kwa sababu moja tu, kwamba silinda moja nilikuwa nimeshainunua. Ni sababu mbaya, nakiri. Leo ningenunua ya silinda mbili bila kufikiri.

Gharama ya uamuzi ule niliihisi mguuni. Chumba kilichozoea kusukuma kalipa moja ya mbele (kile kibanio cha breki ya diski) na silinda moja ndogo ya dramu (ngoma ya breki ya nyuma) sasa kinasukuma kalipa mbili, na kalipa za mbele hunywa mafuta mengi. Pedali ikawa inashuka chini sana kabla ya kushika. Haikuwa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta; nilitoa upepo mara nne nikiamini ni upepo. Dawa ilikuwa masta silinda yenye kipenyo kikubwa zaidi, kutoka milimita 20.6 kwenda 22.2. Eneo la pistoni liliongezeka kwa asilimia 16 hivi, pedali ikapanda, na mguu wangu ukalazimika kukandamiza kwa nguvu zaidi kidogo. Hapo tayari nilikuwa nimebadilisha masta silinda kwa ajili ya hendibreki. Jumamosi yangu ilikuwa imekwisha zamani.

Kisha ile vali ya nyuma. Gari langu lilikuwa na vali inayopunguza presha ya breki za nyuma, iliyofungwa karibu na ekseli na kuunganishwa nayo kwa springi. Mkia ukinyanyuka unapofunga breki, vali inabana ili magurudumu ya nyuma yasifunge kabla ya ya mbele. Ni kifaa cha busara sana barabarani. Lakini mimi nilikuwa nimefunga liva kabla yake, kwa hiyo presha yote ya mkono wangu ilikuwa inapitia kwenye kifaa kilichotengenezwa mahususi kuikataa. Nilivuta kwa nguvu zote kwenye lami kavu, gari likapunguza mwendo kwa adabu na kuendelea mbele moja kwa moja. Niligonga koni tatu. Nikaiondoa ile vali na kuweka ya kurekebishwa kwa mkono, safari hii kabla ya silinda ya liva. Hivyo mguu unapimiwa presha ya nyuma, mkono haupimiwi. Na vali ya namna hii huanza kurekebishwa kutoka presha ndogo kwenda kubwa. Magurudumu ya mbele lazima yafunge kwanza unapokanyaga pedali. Yakitangulia ya nyuma, gari litazunguka siku ambayo hukulitaka lizunguke.

Kuhusu ukubwa wa silinda nilipata somo la hesabu ambalo nililikwepa shuleni. Tuseme unavuta kwa nguvu ya kilo 20 na liva ina uwiano wa saba kwa moja. Pistoni inasukumwa kwa kilo 140. Silinda ya milimita 19 ina eneo la sentimita 2.8 za mraba, kwa hiyo unapata kama kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba. Silinda ya milimita 15.9 ina eneo linalokaribia 2, na kwa mkono ule ule unapata kama 70. Nilikuwa nimenunua kubwa nikiamini kubwa ina nguvu. Ndogo ndiyo yenye presha. Inachodai ni mwendo mrefu zaidi wa liva, kwa sababu kila milimita inasukuma mafuta machache. Ndiyo maana dramu lazima zirekebishwe vizuri kabla ya lolote. Breki shuu, zile zinazosugua dramu kwa ndani, zikiwa mbali nayo, mvuto wako wote unaishia kuzisogeza tu. Mimi hukaza mpaka gurudumu lianze kukwaruza, kisha narudisha nyuma kidogo hadi liwe huru.

Sasa nieleze siku ambayo nusura niliunguze gari.

Ilikuwa siku ya mazoezi ya kwanza baada ya kufunga kila kitu. Liva ilikuwa na mchezo kidogo ikiwa imerudi mwisho, kama milimita moja hivi, inagongagonga gari likipita kwenye vishimo. Mimi nikiwa mtu wa kupenda usafi, niliurefusha mtaimbo mdogo unaosukuma pistoni hadi kelele ikaisha. Liva ikakaa imara kama nguzo. Niliridhika sana.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili gari likawa zito. Wa tatu nilisikia harufu, ile harufu kali ya breki inayoungua, nikadhani ni ya gari lililotangulia. Wa nne nilipoachia gesi, pedali ya mwendo, gari lilisimama lenyewe. Nilishuka, nikalisukuma, halikwenda. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye dramu zote mbili, na mate niliyotema kwenye rimu yalichemka. Liva ilikuwa chini kabisa. Hakuna aliyekuwa amevuta chochote.

Ndani ya silinda ile kuna katundu kadogo. Liva ikiwa imerudi hadi mwisho, raba ya pistoni iko nyuma ya katundu hako, na mafuta ya breki ya mguu yanakwenda na kurudi bila kizuizi. Ukivuta, raba inapita katundu, inafunga njia ya kurudi, na kuanzia hapo inasukuma mafuta kuelekea magurudumuni. Milimita moja ile niliyoichukia ndiyo iliyokuwa inahakikisha raba inarudi nyuma ya katundu. Nilipoiondoa, raba ikawa imefunika katundu muda wote. Raba hizi zina mdomo unaokubali kukunjwa upande mmoja tu. Kila nilipokanyaga pedali, mafuta yalilazimisha mdomo ukunjike yakapita kwenda nyuma; nilipoachia, mdomo ulifunga, yakabaki huko. Kanyaga, yanaingia. Kanyaga tena, yanaingia mengine. Kisha dramu zinapata joto, mafuta yanatanuka, presha inapanda, breki zinashika zaidi, joto linaongezeka. Gari linajifunga lenyewe huku dereva akijisifu kwa usafi wa kazi yake.

Nilichofanya pale ni kulegeza nipeli ya kutolea upepo kwenye gurudumu moja. Mafuta yaliruka mbali, dramu zikaachia kwa mlio. Usijaribu kufanya hivyo uso ukiwa karibu. Mafuta yale ni ya moto na yanakula hata rangi ya gari. Nyumbani nilibadilisha breki shuu na raba zote za nyuma, nikarudisha milimita moja yangu.

Mafuta nayo niliyamwaga yote. Mafuta ya breki hupangwa kwa madaraja ya DOT. Ya DOT 4 yakiwa mapya lazima yastahimili walau nyuzi joto 230 kabla ya kuchemka, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishaunyonya kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ya DOT 5.1 ni 260 na 180. DOT 5 bila hiyo pointi moja ni kitu kingine, ni ya silikoni, haichanganywi na hizo. Nimemwona mtu akichanganya kwa sababu namba zinafanana.

Kufanana ndiko kulikoniponza kwenye nati pia. Paipu za gari langu zilitumia nati za milimita 10 zenye uzi wa hatua ya milimita 1. Silinda ya liva ilikuja na kifurushi cha nati za inchi 3/8 zenye nyuzi 24 kwa inchi. Ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho: moja ina milimita 10, nyingine 9.5, na hatua zinapishana kwa sehemu ndogo ya milimita. Ile ya inchi inaingia kwenye tundu la milimita kwa vidole, inazunguka mara mbili tatu, kisha unahisi inakaza. Haikazi, inakula uzi. Nilikaza, nikajaribu pedali, ikashika, nikafurahi. Asubuhi yake kulikuwa na kidimbwi chini ya gari na uzi wa kiungo umekufa. Midomo ya paipu nayo iko ya aina mbili zinazotumika sana: ule uliopanuliwa kama tarumbeta na kukunjwa mara mbili, na ule uliovimba kama uyoga. Kila mmoja unataka kiti chake, yaani umbo la ndani ya tundu linalolingana nao. Ukiweka uyoga kwenye kiti cha tarumbeta utakaza hadi spana iteleze na bado utavuja. Siku hizi, kabla ya kukata paipu yoyote, nachukua kipimo cha uzi na kuandika kila tundu kwenye mkanda wa karatasi.

Kutoa upepo kuliniletea aibu ndogo. Silinda yangu ililala ikiwa imeinamisha pua, na upepo hupenda kukaa juu, kwa hiyo kiputo kilikaa nyuma karibu na pistoni na kukataa kutoka hata nikikanyaga pedali mara mia. Pedali ilikuwa ngumu, liva laini kama sponji. Fundi yule alinionyesha: fungua bolti za sakafuni, paipu zikiwa bado zimeungwa, inua silinda pua iangalie juu, vuta liva polepole huku mwenzako anafungua na kufunga nipeli. Viputo vilitoka mfululizo kama samaki anapumua. Baada ya hapo nilitengeneza kabari ya kuiinua pua moja kwa moja.

Sakafu yenyewe ni bati lisilofika milimita moja. Kuvuta kwa kilo 20 juu ya liva ya sentimita 40, na bolti za mbele na za nyuma zikiwa zimeachana sentimita 10, kunaziinua bolti za mbele kwa kilo 80. Rafiki yangu aliyelala chini ya gari alisema sakafu ilikuwa inapumua. Mwendo ule wa bati ni mwendo unaoibiwa kutoka kwenye pistoni, na baada ya muda bati linapasuka. Nikaweka bamba la milimita 3 juu na lingine chini, pana kuliko kitako cha liva.

Na mahali pa kuifunga: nilipima nikiwa nimekaa bila mkanda, nimevaa fulana. Siku ya mazoezi, mikanda ya mashindano ikiwa imenibana mabega kwenye kiti, vidole vyangu viliishia sentimita tano kabla ya liva. Nikatoboa sakafu upya. Matundu ya zamani bado yapo, yamezibwa, na kila anayekaa kiti cha abiria huyauliza.

Hendibreki ya waya sikuiondoa, ingawa wengi huitupa ili kupunguza uzito. Ya haidroliki haina meno ya kuishikilia. Na hata ungeifunga kwa pini, mafuta yakipoa yanasinyaa, presha inashuka, gari linaondoka lenyewe. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H kuhusu breki za magari ya abiria inataka breki ya kuegeshea ishikiliwe na kifaa cha kimekanika tupu, na baada ya kuliona gari langu likianza kushuka mteremko wa uwanja polepole bila mtu ndani, sina ubishi na kanuni hiyo.

Kuendesha nilikujifunza upya pia. Waya ulinizoesha kuvuta mapema na kuning'inia. Hii inafunga papo hapo. Ukining'inia gari linazunguka zaidi ya ulivyoomba, na tairi linapata kipara mahali pamoja, kisha unasikia dup-dup njia nzima ya kurudi. Sasa naachia gesi ili uzito uende mbele, nageuza usukani, mkia ukishaanza kufikiria ndipo navuta, mvuto mfupi, naachia, gesi. Klachi siigusi, kwa sababu magurudumu yanayofungwa hayaunganiki na injini. Mwenye gari la kuvuta nyuma lazima aikanyage, vinginevyo anaizima injini katikati ya kona.

Kabla ya kila zamu nanyanyua mkia kwa jeki, namwomba mtu akanyage pedali na kuachia, nazungusha magurudumu ya nyuma kwa mkono. Kisha nashika liva na kuitikisa. Juzi dereva mmoja kijana aliyekuwa akisubiri zamu yake alichungulia dirishani, akasikia inagongagonga.

"Kaka, liva yako imelegea. Nina spana hapa, nikukazie?"

Niliishika spana yake kabla hajainama.